Mashine ya Kumrekodi Bibi Kijakazi

Jumatatu, 3 Juni

Leo historia imeandikwa. Sijui kama nyumba hii imetambua.

Asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki. Bibi Kijakazi, mama mwenye nyumba wetu, alikuwa anapepeta mchele. Akaanza kuimba kwa chini chini, si kwa ajili ya mtu yeyote. Mswaki ukabaki mdomoni. Jamani! Nimeishi nyumba hii ya Mtaa wa Mchikichi tangu nilipoteremka kutoka Rombo, sijawahi kumsikia akiimba. Watu husema zamani alikuwa mwimbaji wa taarabu, kumbi zikijaa mpaka barazani, wanaume wakivua saa za mkononi wamtunze. Nilidhani wanaongeza chumvi. Kumbe waliipunguza!

Sauti ile siwezi kuieleza. Ni kama mtu kafungua kabati la zamani, harufu ya udi ikatoka. Imezeeka, ina mikwaruzo, lakini inajua inakokwenda. Hata jogoo wa jirani alinyamaza. (Au ameshachinjwa. Sina uhakika.)

Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hana rekodi hata moja. Akasema marehemu mumewe hakutaka sauti ya mkewe ilie kwenye redio za watu. Sasa Jumapili binti yake, Siti, anakuja kumchukua. Anahamia Tanga moja kwa moja. Anataka awaachie wajukuu wimbo mmoja, wajue bibi yao aliimba. Akaniuliza, mimi si najiita prodyuza?

Najiita. Kwenye simu yangu nimeandika Roga Biti. Lakini kabla sijafungua mdomo, Nurdin akachomoza kwenye chumba chake. Huyu ni mpangaji mwenzangu, mtu wa Newala, anatengeneza muziki wa singeli kwenye laptop ambayo herufi A imeng'oka. Akasema, kwa upole wake ule unaokera, kwamba hata yeye anaweza kumrekodi.

Bibi akatutazama kama mtu anayechagua nyanya. Akatoa hukumu: Jumamosi asubuhi ataimba kwa mwenye mashine ya maana. Mara moja tu. Pumzi za kurudia hana.

Mashine ya maana! Simu haitoshi. Inatakiwa kompyuta ya mezani. Sina. Meza yenyewe sina.

Lakini nina mpango.


Jumanne, 4 Juni

Mpango unaitwa Shangazi Matilda. Anauza mashuka, mapazia na mablanketi kwa jumla Mtaa wa Sikukuu, na mimi ndiye muuzaji wake. Nilimweleza kwamba wenye maduka wa siku hizi wanaweka hesabu zao kwenye kompyuta, si kichwani. Nikataja wateja wa Lubumbashi. Nikatamka "usasa" mara nyingi kuliko inavyoshauriwa.

Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza wiki nzima. Shangazi akamaliza kukunja shuka, akasema sawa, twende. Akasema nikae nayo nyumbani mpaka Jumamosi nijifunze, mchana ataifuata mwenyewe.

Sikuwahi kuona mpango ukienda hivi. Nilitembea nyuma yake kimya, nisiuvuruge.

Tukaenda Mtaa wa Likoma, dukani kwa Leticia. Anauza kompyuta za mtumba na anapiga kinanda kanisani kwao. Ndugu zangu! Kompyuta zimepangwa mpaka darini. Kontena lilikuwa limetoka bandarini juzi tu, na nyingine bado zina stika za ofisi za Ulaya zilikotoka, majina ya watu tusiowajua. Nilisimama katikati na mikono nimeikunja kifuani. Niligusa mojawapo. Ya baridi. Nikawaza, ndani ya bati hili kuna ngoma zote, fidla zote, makofi yote ambayo bado hayajapigwa. Nilihisi kizunguzungu kidogo.

Shangazi alipokwenda kuangalia printa, nikamnong'oneza Leticia ukweli: ni ya muziki. Hakucheka. Aliniuliza kama nitarekodi sauti ya mtu au ni biti peke yake. Nilipomwambia habari za Bibi, akaacha alichokuwa anafanya. Akasema nisitazame sura. Nitazame prosesa iwe na nguvu, ram iwe ya kutosha, diski iwe ya SSD ili kazi zifunguke upesi. Na kubwa kuliko yote, iwe kimya, kwa sababu maiki inasikia kila kitu chumbani, haichagui.

Akatoa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa mkate. Akabonyeza. Nikasubiri. Akasema imeshawaka. Nikatega sikio mpaka likagusa bati. Hakuna! Yaani inafikiri bila kupumua! Nilishangaa kwa moyo wote.

Kisha nikakitazama tena. Kijivu. Kidogo. Prodyuza gani anakaa mbele ya mkate?

Lakini Shangazi alikwishapenda. Hakijazi nafasi, hakili umeme. Kikanunuliwa pamoja na kioo, kibodi na mausi. Njiani alinibebesha vyote isipokuwa mausi.


Jumatano, 5 Juni

Mboni, dada wa chumba cha pili anayeuza vitumbua, ameniazima meza yake.

Kwa ajili ya historia lazima niandike kwamba kisanduku kilifanya kazi vizuri. Nilipanga ngoma juu ya ngoma, kinanda juu ya fidla, zote zikaenda pamoja bila kukwama. Nilichomeka maiki yangu, niliyoinunua zamani kwa ajili ya siku kama hizi. Nikaimba. Sauti yangu ikanirudia kwenye hedifoni papo hapo, safi, imenyooka. Nilikaa nimeduwaa. Sikujua kwamba ninaimba vibaya kiasi kile.

Basi Nurdin akapita mlangoni. Akachungulia. Akasema, "Ah, Roga, umevuta intaneti? Naona ruta."

Ruta!

Chapati niliyokuwa nakula ilinishinda. Nilitoka nikasimama kona ya mtaa ninywe hewa. Pale yupo Awadhi, dalali, mtu anayejua kila kitu kinauzwa wapi. Akaniona uso. Nikamsimulia. Akasema anacho kitu ambacho watu wa kawaida hawaonyeshwi.

Alinipeleka mtaa wa Gerezani, kwenye ukumbi wa gemu uliofungwa. Kitu kimesimama pembeni, kimefunikwa shuka. Akalivuta shuka.

Nilishika ukuta.

Kompyuta kubwa kama friji ya soda. Ubavu wa kioo. Ndani mapanga ya feni yanazunguka, na kila panga lina taa, na taa zinabadilika zambarau, kijani, nyekundu, bluu, zinafuatana kama madirisha ya Kariakoo wiki ya sikukuu. Uso wa Awadhi ulikuwa zambarau. Mikono yangu ilikuwa kijani. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kilichojiamini namna ile.

Nikakumbuka mafunzo. Nikamuuliza prosesa. Akasema ipo. Ram? Zipo. Diski?

"Kaka, hizi taa unaziona?"

Nilikuwa naziona. Bibi angeziona. Nurdin angeziona kupitia ukutani!

Nikamwambia tubadilishane na kisanduku changu. Awadhi akakubali kabla sijamaliza sentensi. Hata mkokoteni aliutafuta yeye. Nilimwonea huruma. Dalali mzima, hajui thamani ya vitu vyake.

Njiani watu walitupisha.


Alhamisi, 6 Juni

Niliiwasha asubuhi. Ilichukua muda. Nilikwenda kununua vitumbua, nikarudi, bado inawaka.

Ina sauti. Siyo ya muziki. Mboni aligonga mlango akauliza kama nimefungua mashine ya kusaga, maana ana mahindi yake.

Nikafungua biti ya jana. Ngoma ikapiga, ikajikwaa, ikakaa chini. Nikaimba kwenye maiki. Sauti ilichelewa mno kunirudia, kama vile ninajibiwa na mtu aliyeko Kigamboni. Nikarekodi jaribio na kulisikiliza. Mbele kabisa kuna feni. Nyuma ya feni kuna mtu anahangaika. Ndiye mimi.

Nilikwenda Likoma kumuuliza Leticia, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja. Akasema nimwambie rafiki yangu huyo kwamba taa hazirekodi. Nikaahidi kumfikishia.

Lakini nilipokuwa njiani akili ikafunguka. Tatizo ni kelele. Kelele hufunikwa. Na mimi ni muuzaji wa duka la nini? La mablanketi! Wakati mwingine najiogopa.


Ijumaa, 7 Juni

Nimechukua dukani blanketi la manyoya, lile zito la watu wa baridi ya Njombe, kwa matumizi ya kisayansi. Nimelijaribu kidogo. Kelele ikazama. Nikaliondoa haraka nisiichoshe mashine kabla ya kazi.

Jioni nilimwona Nurdin anaingia chumbani kwake na kitu kimefungwa kwenye khanga, cha ukubwa wa mkate. Bila shaka ni mkate.

Namwonea huruma. Kesho atalia.


Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika yote.

Bibi alikuja asubuhi kama mtu anayekwenda kwenye ukumbi uliojaa. Gauni la kijani, hina mikononi, udi ukimtangulia koridoni. Mboni na wapangaji wengine walijipanga mlangoni. Bibi akaingia, akaona taa.

"Mashallah! Hii kompyuta au bibi harusi?"

Nusura nilie kwa furaha. Nurdin alikuwa kwenye kizingiti chake, mikono mfukoni. Nilimpa tabasamu la rambirambi.

Bibi akaketi. Akasikiliza. Akauliza mbona inakoroma, inaumwa? Nikamwambia asubiri. Nikachukua blanketi, nikalifunika jitu zima mpaka chini, nikaongeza na mashuka mawili. Kimya! Kimya kitakatifu! Nikabonyeza kitufe chekundu, nikamwinamishia kichwa.

Akafumba macho. Akaimba.

*Ulitia nanga kwangu, kina hukuniuliza...*

Nikajiambia, Rogath, hii ndiyo siku uliyozaliwa kwa ajili yake. Akaingia mstari wa pili. Hapo nikasikia harufu. Nilifikiri ni udi. Haukuwa udi. Blanketi lilikuwa linafuka. Kioo kikawa cheusi. Kitu ndani kikasema "tak". Mboni akaruka juu ya kitanda changu akachomoa waya.

Bibi alibaki na mdomo wazi katikati ya neno. Kisha akaufunga taratibu, akaweka mkono kifuani.

"Limekwisha?" akauliza.

Nikasema, "Bibi, nipe dakika moja tu."

"Mjukuu wangu, dakika ninazo. Pumzi ndiyo sina."

Hapo ndipo niliogopa kwelikweli. Sikuogopa Nurdin wala Shangazi. Niliogopa kwamba kesho mama huyu anaondoka na ile sauti, na kilichobaki kwake Dar es Salaam nzima ni mstari mmoja na nusu, tena umeungulia chumbani kwangu.

Nurdin aliingia. Nilitamani acheke. Angecheka ningekuwa na la kufanya. Hakucheka. Akamshika Bibi mkono akamwambia apumzike, anywe maji ya uvuguvugu, hakuna haraka, kwake pako tayari. Kisha akanigeukia.

"Roga, njoo unishikie godoro dirishani. Honi za barabarani zinaingia."

Nikaenda. Ningefanya nini?

Juu ya stuli, chumbani kwa Nurdin, kulikuwa na kisanduku cha kijivu. Stika ya Ulaya bado ipo. Mimi nikakitazama, nacho kikanitazama. Nurdin akasema kwa aibu kwamba Awadhi alimuuzia jana, laptop ikiwa sehemu ya malipo, na kwamba ananiomba radhi kwa lile neno la ruta. Alikuwa hajakisikia kilivyo kimya.

Nikainua godoro, nikalibana dirishani kwa mgongo. Bibi alikunywa maji. Alikaa kitako. Chumba kizima kikamsubiri, na kisanduku nacho kikasubiri bila kupumua.

Akaanza upya.

Sina maneno, lakini mimi ndiye niliyekuwepo, kwa hiyo lazima nijaribu. Mwanzoni ilikuwa sauti ya mama mzee. Halafu ikateremka mahali fulani na kurudi na mtu mwingine. Kuna msichana alikuwa anaimba mle ndani. Msichana ana hasira, ana maringo, anampenda mtu na hatampa nafasi ya kulijua hilo. Akafika pale pa kina, *kina hukuniuliza*, akaivuta ile "kina" ikashuka, ikashuka, nikafikiri atazama nayo. Akapanda nayo juu. Mboni alikuwa amekaa chini koridoni, kitenge kichwani. Nje honi zilipiga nikazisikia mgongoni kupitia godoro, lakini hazikuingia. Nilizizuia zote. Mikono iliwaka moto, jasho likaniingia machoni. Sikusogea. Ningeweza kufa nimesimama pale, na nisingelalamika.

Alimaliza. Hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Nurdin alikuwa analia waziwazi, mkono bado juu ya mausi.

Bibi akataka kusikia. Tukamvalisha hedifoni juu ya mtandio. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wimbo ulipofika katikati akanishika kiwiko.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Bibi."

Wimbo ukaisha. Akavua hedifoni, akaziweka mapajani.

"Kumbe hawakunisingizia," akasema.

Mchana Shangazi alikuja kufuata mali yake. Nilimwamkia shikamoo. Akajibu marahaba, kisha akaliona lile jitu, na blanketi lenye tundu jeusi.

"Rogath. Hii ndiyo ya kuhesabia mashuka?"

Nilimweleza yote. Hakuna uongo ulionijia, sijui ulikwenda wapi. Alisikiliza bila kukunja kitu chochote, jambo la hatari sana kwake. Kisha akataka kumsikia huyo Bibi mwenyewe. Nurdin akamwekea kwenye spika. Shangazi alikaa kwenye kona ya kitanda, mkoba magotini. Wimbo ulipokwisha akatoa leso, akaikunja tena bila kuitumia. Alikitambua kisanduku chake, lakini akasema kijana wa watu amekinunua kihalali, na afadhali kimefanya kazi hiyo kuliko kuhesabu foronya.

Kwangu mimi alisema neno moja.

"Beba."

Nilibeba lile jitu kichwani mpaka Sikukuu. Safari hii hakuna aliyetupisha.


Jumapili, 9 Juni

Siti alikuja na gari. Bibi ameondoka.

Wimbo umewekwa kwenye simu ya Siti na kwenye flashi. Nurdin aliipa faili jina, na chini yake akaandika: *Mwimbaji, Bibi Kijakazi. Kurekodi, Nurdin. Godoro, Roga Biti.* Nilimwambia ni upuuzi. Nikaenda chooni nikakaa huko kidogo.

Wakati wa kuagana Bibi alinishika kidevu akasema godoro nililishika vizuri. Gari lilipokuwa linageuza, Siti akachomeka flashi kwenye redio ya gari, ikatoka ile sauti kupitia madirisha, ikapanda ukutani mwa maghorofa. Machinga wa viatu akaacha kuita wateja. Mwenye juisi ya miwa akasimamisha mashine yake. Mtaa wa Mchikichi, mchana kweupe, ulinyamaza! Marehemu mumewe anisamehe, lakini sauti hiyo ilistahili barabara.

Uani pamekuwa pakubwa mno. Mchele hakuna anayeupepeta.


Jumanne, 11 Juni

Siku ya ajabu. Imenipa haki.

Shangazi alimwita Leticia aitazame maiti. Leticia akasema prosesa imeungua na haifai tena kwa kazi ya aina yoyote, ila taa na feni bado ni nzima. Shangazi akasema basi nilisogeze pembeni. Pembeni palikuwa dirishani, nyuma ya mapazia mepesi. Nikalichomeka kuaga tu.

Jamani! Taa zikapenya kwenye pazia. Zambarau ikamwagika kwenye maua, kijani ikapita, dhahabu ikafuata. Mapazia yakawa kama yanapumua. Watu wakaanza kusimama nje. Mama mmoja wa Lubumbashi aliingia akanunua yale mapazia yote ya dirishani, akauliza kama taa zinauzwa pamoja nayo. Mimi mwenyewe nilisahau kuhudumia, nimesimama naangalia.

Shangazi hakunisifu. Alisema tu lisizimwe.

Lakini mimi nimeshaelewa. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo! Watu wanataka taa. Kosa langu halikuwa taa. Kosa langu lilikuwa uchache wa taa, na ule ubishi wa feni.

Na leo hii hii, Awadhi amepita dukani. Kuna mzigo mpya umetoka bandarini. Ndani yake kuna kompyuta ambayo haitumii feni kubwa, inapozwa kwa maji. Maji! Yana rangi ya bluu, yanazunguka kwenye mirija ya kioo, unayaona kwa macho. Nikauliza kama yana kelele. Awadhi akaniuliza, umewahi kusikia maji yanakoroma?

Sijawahi.

Prosesa sikuuliza. Kwa mashine yenye maji yake yenyewe, ingekuwa ni utovu wa adabu. Awadhi anasema wapo wengi wanaoitaka, lakini atanishikia nikimpa kitu cha kuonyesha nia.

Nimempa maiki.